Simu ya Bibi Inasomwa na Nani?

Asubuhi moja mama mzee wa kigango cha mbali alifika katika ofisi yetu ya parokia. Simu yake ndogo aliifunga katika pindo la kanga. Tulipokwisha kuamkiana alifungua fundo, akasema, "Mwanangu, kitu hiki kililia juma lililopita. Nilidhani ni wale wa kampuni ya simu wauzao vifurushi. Hebu nisomee."

Nikasoma. Ulikuwa ujumbe wa hospitali. Alitakiwa afike Alhamisi kupimwa damu kabla ya kutiwa dripu ya dawa ya saratani. Siku ile ilikuwa Jumatatu. Alhamisi ilikwisha kupita.

Tulipiga simu, na muuguzi akampa tarehe nyingine. Lakini siku zilizopotea hazirudi, na saratani haimngoji mtu. Hospitali ilituma ujumbe kweli, na simu iliupokea kweli. Ila mgonjwa hakuupata. Hapo ndipo penye shida ya wazee wetu wengi. Macho yamefifia, herufi ni ndogo, simu huzimika kwa kukosa chaji, na pengine namba iliyoandikwa kwenye kadi ni ya mjukuu aliyehamia mjini.

Faida ya kusema mapema

Labda msomaji atauliza, je, habari hizi za simu zina faida gani kwa mtu mzee? Zina faida kubwa. Huko New York, Marekani, madaktari wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering walifanya uchunguzi kwa wagonjwa 766 ambao saratani yao ilikwisha kuenea mwilini. Baadhi yao walitibiwa kwa desturi ya siku zote. Wengine walipewa njia ya kutaja dalili zao kwa kompyuta, kama maumivu, kichefuchefu na kukosa pumzi. Wauguzi waliarifiwa dalili ilipozidi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba nusu ya wale waliotaja dalili waliishi zaidi ya miezi 31. Kwa wale wengine ilikuwa miezi 26.

Tena kuna jambo la kutia moyo. Wagonjwa 227 kati yao hawakuwa wamezoea kompyuta, hivyo waliotakiwa kutaja dalili walisaidiwa palepale kliniki. Taarifa ya mwaka 2016 ilisema kwamba hao wasiozoea ndio waliopata faida kubwa zaidi. Basi kutojua mashine si kizuizi, mradi yupo wa kusaidia.

Hata kwetu Tanzania jambo hili si geni. Katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, madaktari wamejaribu programu ya simu ambayo mgonjwa, au ndugu amwuguzaye, huulizwa juu ya maumivu na dalili nyingine akiwa nyumbani. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Simu ni njia moja ya kutoyaficha.

Kosa langu

Lakini msaidizi naye aweza kuharibu. Nakiri kosa langu. Mwaka jana mzee mmoja aliniletea simu yake, nami nikamsomea kwa sauti, hali watu wawili wameketi bencini wakingoja vyeti. Ujumbe ulitaja kliniki ya saratani. Mzee hakusema neno. Alichukua simu yake akaenda zake, wala hakunirudia tena. Sijui sasa nani anamsomea. Nilidhani natoa msaada, kumbe nilitoa siri ya mtu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama kwenu yuko mzee anayetibiwa saratani, yashike haya:

Kwanza, siku ya kuandikishwa hospitali, mzee asione haya kusema, "Sijui kusoma ujumbe, nipigieni mniambie kwa mdomo." Atoe namba mbili, na ya pili iwe ya mtu aliyemchagua mwenyewe.

Pili, msaidizi asome ujumbe siku ileile, faraghani, na asome wote. Asimfiche mzee neno kwa kisingizio cha huruma. Asijibu kwa niaba yake kabla ya kumwuliza. Uzee si utoto.

Tatu, kila jioni andikeni katika daftari: amekula nini, ametapika mara ngapi, maumivu yako wapi. Siku ya kupiga simu, habari zitakuwa tayari.

Nne, mgonjwa aliyetiwa dawa za saratani akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, msiandike ujumbe mkangoja jibu. Pigeni simu au nendeni hospitali mara moja, hata usiku. Dawa hizo hupunguza chembe nyeupe za damu zinazoulinda mwili, na ugonjwa mdogo waweza kumwua kwa muda mfupi.

Tano, ujumbe unaoahidi dawa ya kuponya saratani kwa siku chache, au unaouliza namba ya siri ya fedha, msiujibu. Walaghai wanajua kwamba mgonjwa ana haraka.

Mama yule alikuja tena mwezi uliofuata, mara hii kabla ya tarehe yake. Alitaka namba yangu iandikwe kwenye kadi yake ya hospitali, iwe ya pili. Nilipoichukua simu nimsomee, aliutazama mlango, akaniambia polepole, "Ufunge kwanza, mwanangu." Nikaufunga.