Sumbawanga: Jina Moja, Maneno Mengi

Kila mwaka ifikapo Januari, watoto wengi waliosoma shule za msingi za serikali kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, lakini sekondari ilibaki na Kiingereza. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kunyosha mkono darasani huweza kukaa kimya muhula mzima. Akili hazijampungua, ni maneno yanayompungukia.

Akina mama wengi wa Sumbawanga, Laela na Namanyere husema, "Mimi mwenyewe sikusoma Kiingereza, nitamsaidiaje mwanangu?" Mama mpendwa, upo mchezo unaoweza kuusimamia bila kuijua lugha hiyo. Mnachukua herufi za neno moja, kisha watoto wanatafuta maneno ya Kiingereza yanayoundwa kwa herufi hizo tu.

Tuanze na jina la mji wetu

SUMBAWANGA lina herufi 10: A ziko 3, na S, U, M, B, W, N na G ni moja moja. Sheria ni kwamba herufi isitumike mara nyingi kuliko ilivyo katika jina. Kwa hiyo BANANA, yaani ndizi, halikubaliki, kwa kuwa linataka N mbili.

Sasa tazama yanayopatikana. Yapo BUS na BAG, ambayo mtoto anayajua tangu utotoni kama basi na begi. Kiswahili hupenda kumaliza neno kwa irabu, Kiingereza hakina shida hiyo. Akisoma "bagi" asichekwe. Aonyeshwe tu kwamba pale mwisho hapana i. Lipo SUN, yaani jua, na SUM, yaani jumla. Lipo SAW, yaani aliona; ukilisoma kutoka nyuma unapata WAS, yaani alikuwa.

Yamo pia SANG na SUNG, SWAM na SWUM. Mtoto atauliza, mbona SING, yaani kuimba, na SWIM, yaani kuogelea, hayamo? Ni kwa sababu I haimo katika jina. Hapo anajifunza kwamba Kiingereza mara nyingine hubadili irabu ya katikati ili kuonyesha wakati uliopita. Somo hilo huwatesa wengi kidato cha kwanza, naye amelipata akicheza.

RUKWA nalo linatoa ARK, yaani safina, na WAR, yaani vita. Lakini UFIPA, lenye irabu tatu na konsonanti mbili tu, halitoi mengi zaidi ya IF na UP. Watoto wenyewe watagundua kwamba neno zuri la kuchezea ni lile lenye konsonanti za kutosha.

Vifaa ni boksi na kalamu

Mchezo wa namna hii umekwisha kuuzwa duniani kwa jina la Scrabble. Aliyeubuni ni Alfred Butts, Mmarekani msanifu wa majengo aliyekosa kazi miaka ya 1930. Alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili ajue zipi hutumika zaidi. Ndiyo maana kati ya vipande 100 vya mchezo huo E ni 12, lakini Q na Z ni kimoja kimoja.

Wewe huna haja ya kununua. Kata boksi la sabuni vipande vidogo, andika herufi, na ukumbuke kuongeza E, A, I na O. Kitu cha kutafuta ni kamusi, kwa mfano ile ya Kiingereza-Kiswahili iliyotolewa na TUKI mwaka 1996. Kama hamna nyumbani, ulizeni shuleni au kwa jirani. Kamusi ndiyo hakimu, si kaka mkubwa mwenye sauti kubwa.

Kazi ya mama

Kazi yako ni kuuliza maswali mawili: "Neno hilo lina maana gani?" na "Litumie katika sentensi." Usipuuze swali la pili, kwa maana rundo la maneno bila sentensi ni kama rundo la matofali bila nyumba.

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na shule hufunguliwa Januari. Miezi hiyo isipite bure. Ni kweli mvua zikianza watoto wanahitajika shambani, lakini nusu saa ya jioni jikoni, wakati ugali wa ulezi unasongwa, inatosha.

Aidha, tuwaangalie mabinti. Katika nyumba nyingi mvulana hukaa na daftari huku dada yake akiosha vyombo, na Januari wote wawili huketi mbele ya mwalimu yuleyule. Vyombo vioshwe kwa zamu, ili naye apate nafasi ya kutafuta maneno.

Leo jioni waandikie watoto jina la kijiji chenu, kisha uwaulize: humu ndani mna maneno mangapi?