Umenunua gari mkononi? Mpaka kadi isome jina lako, kazi bado

Gari ya mkononi ina raha yake. Unaiona kwa macho, unaizungusha mtaani, unasikiliza injini, mnapatana bei na siku hiyo hiyo inalala kwako. Ndiyo maana wengi wakishakusanya milioni zao nane au kumi na mbili hawasubiri meli kutoka Japani. Wanamtafuta mtu anayeuza IST au Noah yake, namba D, wanamalizana.

Shida inaanza kesho yake. Mnunuzi ana funguo, ana kadi mkononi, ana mkataba wa karatasi moja, anaona mambo yamekwisha. Kumbe kwenye kumbukumbu za TRA gari bado ni ya yule yule aliyeuza. Watu wanaendesha hivyo mwaka mzima, miaka mitatu, na wengine wanaiuza tena kwa kadi ile ile. Gari inafika mkono wa nne ikiwa na jina la mtu ambaye hakuna anayejua anaishi wapi.

Ukimuuliza dalali atakujibu, "Bosi, kadi si unayo? Wasiwasi wa nini?" Wasiwasi upo, tena mkubwa.

Chukua mfano muuzaji amefariki. Ndugu wanakaa kikao, wanaorodhesha mali za marehemu, na kadi inaonyesha alikuwa na gari. Wewe hawakujui. Ili jina libadilike sasa inabidi apatikane msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, mwenye ile fomu namba 4 ya Mahakama ya Mwanzo, na huyo ndiye akusainie. Kama familia ina ugomvi, utasubiri ugomvi wao uishe. Au muuzaji hajafa, ila anadaiwa, na dalali wa mahakama anakamata mali zilizo kwa jina lake. Unaweza kupeleka pingamizi na ukashinda, lakini wakati kesi inaendelea gari iko yadi inapigwa jua na wewe unapanda daladala.

Muuzaji naye asidhani yeye yuko salama kwa sababu hela ameshakula. Gari ikigonga mtu na dereva akakimbia, au ikikutwa kwenye tukio la wizi, polisi wanaanza na jina lililoandikwa kwenye usajili. Faini za barabarani nazo zinakaa kwenye namba ya gari. Kusema "niliuza zamani" bila karatasi ni maneno tu.

Sasa tuje kwenye hela, maana hapa ndipo watu wengi wanaogopa bure.

Kubadilisha umiliki wa gari Tanzania Bara kuna malipo matatu ya serikali. Kuna kodi ya uhamisho wa umiliki, shilingi 50,000 kwa gari (pikipiki ni 27,000). Kuna kadi mpya, shilingi 10,000. Halafu kuna ushuru wa stempu, asilimia 1 ya thamani ya mauziano. Basi.

Piga hesabu ya gari ya milioni 12. Asilimia 1 ni 120,000. Ongeza 50,000 na 10,000, jumla 180,000. Ukiweka na hela ya wakili bado ni kidogo kuliko tairi nne mpya. Mtu anatoa milioni 12 taslimu halafu anaona uchungu wa laki moja na themanini inayofanya hizo milioni 12 ziwe na ushahidi.

Nani alipe? Hilo mnapatana wenyewe. Mara nyingi analipa mnunuzi, kwa sababu ndiye mwenye haja na jina. La maana ni liandikwe kwenye mkataba, msije mkaanza kusukumiana mbele ya kaunta.

Kuna mchezo mmoja umezoeleka sana: mikataba miwili. Mmoja wa kwenu wenye bei halisi, mwingine wa kupeleka TRA wenye bei ya chini. Gari ya milioni 12 inaandikwa milioni 6 ili ushuru wa stempu upungue. Umeokoa shilingi ngapi hapo? Elfu sitini. Ni kosa kisheria, na TRA wakiona bei haifanani na gari wana haki ya kuhoji. Ila hata ukiweka sheria pembeni, ni biashara mbaya. Siku ikigundulika gari ni ya wizi, au muuzaji alikuficha deni, na wewe unataka kurudishiwa hela zako, karatasi yenye muhuri inasema ulitoa milioni 6. Nyingine sita utazidai kwa ushahidi gani? Utatoa ule mkataba wa pili? Huo haujalipiwa ushuru wa stempu, na kwa Sheria ya Ushuru wa Stempu mahakama haipokei karatasi ya namna hiyo kama ushahidi mpaka ilipiwe pamoja na adhabu. Muda wa kuulipia ushuru mkataba ni siku 30 tangu usainiwe, kwa hiyo hata mwenye bei moja ya kweli asiuweke kabatini.

Kabla hujatoa hata kishika uchumba, iangalie kadi vizuri. Jina lililopo ndilo la mtu unayeongea naye? Kama siyo, usikubali maelezo ya "ni ya shemeji yangu, yuko Mwanza". Shemeji aje, au awepo mtu mwenye hati ya uwakilishi ya kisheria. Kama muuzaji alinunua na hakubadilisha jina, abadilishe kwanza iwe yake, ndipo akuuzie. Atalalamika kwamba ni gharama. Mwache alalamike, hilo deni ni lake la siku nyingi.

Kisha linganisha namba ya chasisi na ya injini, zilizopo kwenye kadi na zilizogongwa kwenye gari yenyewe. Fungua boneti, inama, soma tarakimu moja moja. Injini ikiwa imebadilishwa na kadi haijui, hilo lirekebishwe kabla. Chasisi ikiwa imekwaruzwa au imechomelewa, funga boneti, aga, ondoka.

Neno jingine la kuliogopa ni "kadi imepotea". Inawezekana kweli imepotea, vitu vinapotea. Lakini mjini hapa kuna mikopo mingi ya haraka inayotolewa kwa dhamana ya kadi ya gari. Mtu anaacha kadi kwa mkopeshaji, anaenda polisi kuchukua taarifa ya upotevu, anatafuta mnunuzi. Wewe unalipa, na baada ya wiki mbili anakuja mtu mwenye kadi halisi kutaka gari yake. Kwa hiyo jibu ni rahisi: muuzaji afuatilie kadi mbadala TRA kwa jina lake mwenyewe, ikitoka mtaongea. Na kama anasema wazi kwamba kadi iko benki kwa sababu ya mkopo, wala si mbaya, ila hela ya kumalizia mkopo ilipwe benki moja kwa moja ukiwepo, na benki itoe kadi pamoja na barua kwamba haimdai tena.

Deni la faini unalikagua mwenyewe kwa simu. Mfumo wa polisi wa TMS upo mtandaoni, unaingiza namba ya gari, unaona kama kuna faini haijalipwa. Fanya hivyo mbele ya muuzaji, atoe hela yake hapo hapo. Ila ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile iliyokuwa inawasumbua watu zamani, ilifutwa mwaka 2017 na makato yakahamishiwa kwenye mafuta. Dalali akikutajia "road license" ya mwaka huu ujue anakutafutia hela ya soda.

Pia uliza gari iliingiaje nchini. Yapo magari yaliyoingia kwa msamaha wa kodi, ya miradi ya wafadhili, mashirika, mabalozi, na mengine yana namba za kawaida kabisa. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inasema kitu kilichosamehewa kodi kikihamia kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa. Hii si ile laki na themanini tuliyohesabu juu, inaweza kuwa mamilioni. Bei ikiwa rahisi kupita kiasi kwa gari nzuri ya shirika, hapo ndipo pa kuuliza kwanza. Na kama anayeuza ni kampuni, dai risiti ya EFD. Kampuni iliyosajiliwa VAT inatakiwa kutoza kodi hiyo, hivyo muelewane mapema kama bei mliyopatana tayari imo au bado.

Kwenye utaratibu wenyewe hakuna maajabu. Wote wawili muwe na TIN. Kama hufanyi biashara unachukua TIN isiyo ya biashara, kwa namba yako ya NIDA, na ni bure, usimpe mtu hela ya "kukutengenezea". Mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya wakili, uwe na picha zenu, namba za vitambulisho, namba ya gari, chasisi, injini, bei, na tarehe. Andikeni na saa ya kukabidhiana. Inaonekana ni ushamba, lakini kama gari ilipigwa kamera saa nne asubuhi na makabidhiano yalikuwa saa nane mchana, swali la nani alipe limejibiwa. Weka nakala za vitambulisho na kadi halisi, ombi linapelekwa TRA, ofisini au kupitia akaunti ya mlipakodi mtandaoni.

TRA wakishapitia wanakupa namba ya malipo. Unalipia benki au kwenye simu, sehemu ya malipo ya serikali. Usimkabidhi kishoka taslimu akulipie. Vishoka wengi wanakula ushuru wa stempu, wanakuletea karatasi yenye muhuri wa kuchonga, na utakuja kujua siku unataka kuuza.

Ushauri wangu kwa mnunuzi ni mmoja: usimalize hela yote kabla ya ombi kupelekwa. Bakiza kiasi kinachouma, milioni moja au mbili kwa gari ya kumi na mbili, na mkataba useme kitatolewa siku muuzaji akishatimiza kila anachotakiwa kusaini. Muuzaji mwenye hela yote mfukoni simu yake huanza kutopatikana. Siyo lazima awe tapeli, amehamia Mbeya tu, ana mambo yake. Muuzaji naye akiwa na wasiwasi wa kudhulumiwa, fanyeni yote siku moja: asubuhi kwa wakili, mchana TRA, jioni benki.

Kadi mpya ikitoka usiishie kufurahia jina. Soma herufi za jina lako kama zinalingana na NIDA, soma chasisi, injini, rangi, mwaka. Kosa la herufi moja ni rahisi kurekebisha wiki hiyo kuliko baada ya miaka mitano. Namba za gari zinabaki zile zile, hubadilishi vibao.

Halafu nenda kwenye bima. Stika inaweza kuwa bado hai, lakini ile bima ilikatwa kwa jina la mwenye gari wa zamani, na haihami yenyewe kwa sababu gari imehama. Ongea na kampuni wakuhamishie kwa maandishi, au kata yako mpya kabla ya kuingia barabarani, kisha ihakiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA.