Kwa nini ordinatere ilikawia kuandika pointi zetu?



Wengi mlituuliza: "Ile kazi ya pointi iliishia wapi?" Sisi tuliokuwa tunasaidia sekretariati tunataka kuwaeleza, ili watakaofuata wasianguke palepale.

Madaftari ya miaka 10 yalikuwa yanaliwa na mchwa. Tulipiga pointi zote katika faili moja, mistari karibu 600,000, kisha tukaanza kuiingiza katika hifadhi ya data ya SQLite. Kisha masaa mawili umeme ukakatika. Mistari mingine ilikuwa ndani, mingine nje. Tulipoanza upya, pointi za wengine ziliingia mara mbili. Finalisti mmoja wa zamani alikuja kuomba karatasi yake ya pointi, akarudi mikono mitupu.

Tulidhani mashine imezeeka. Hapana, kosa lilikuwa letu. Hapa Kingamyambo tunaona kamio kila siku: haiondoki na jiwe moja. Lakini sisi tulipeleka kila mstari safari yake, na kila safari ilingoja muhuri. SQLite haisemi "imekwisha" mpaka maandishi yamefika kweli juu ya diski. Diski ya kawaida inazunguka mara 7,200 kwa dakika, ni kusema 120 kwa sekunde, na muhuri mmoja unaomba mizunguko miwili. Basi mihuri 60 tu kwa sekunde! Pigeni hesabu: mistari 600,000 inakula sekunde 10,000, karibu masaa matatu.

Dawa iko hivi:

1. Andika BEGIN mbele ya mstari wa kwanza, na COMMIT nyuma ya mstari wa mwisho. Muhuri unakuwa mmoja. Watengenezaji wa SQLite wanasema kwa njia hii mashine ya kawaida inaingiza mistari 50,000 na zaidi kwa sekunde. Tena umeme ukikatika mbele ya COMMIT, yote yanarudi nyuma: hakuna nusu, hakuna mara mbili.

2. Ondoa faharasa kwanza. Kila mstari mpya unailazimisha kupangwa tena. Ijenge mara moja kisha kupakia.

3. Tayarisha amri mara moja, halafu badilisha majina na pointi tu.

Kuna wanaoshauri kuzima ile hali ya kungoja diski, ni kusema "synchronous". Ni mbio kweli, lakini umeme ukikatika, hifadhi nzima inaweza kuharibika. Na umeme wetu mnaujua! Tulikataa.

Tulifuta yote, tukaanza upya. Safari hii kazi ilikwisha mbele ya chai kupoa. Tulihesabu mistari ya faili na ya hifadhi, ikawa sawasawa. Yule finalisti alipata karatasi yake.

Ninyi mtakaobaki kisha sisi: fanyeni kopi mbele ya kuanza, na hesabuni kisha kumaliza. Nyuma ya kila mstari kuna mtu anayengoja.