Jinsi ya kuangamiza kayongo bila kemikali
WAKULIMA wa mahindi magharibi mwa Kenya wanaweza kukabiliana na kayongo, gugu linalofyonza chakula kutoka kwa mizizi ya mahindi, bila kununua kemikali.

Kupalilia baada ya gugu hilo kuchomoza hakutoshi, kwani madhara huanzia chini ya ardhi. Hata hivyo, ni sharti ling'olewe kabla ya kutoa mbegu. Mmea mmoja huzaa maelfu ya mbegu, ambazo huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10.

Wataalamu wa kituo cha ICIPE, Mbita, hupendekeza desmodiamu ipandwe katikati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake huchochea mbegu za kayongo kuota, kisha huzizuia kushika mahindi, zikafa. Isitoshe, desmodiamu hurutubisha udongo na ni lishe ya mifugo.