Walimu Ambao Bado ni Wanafunzi

Mgeni afikaye Remera, mjini Kigali, huonyeshwa kwanza Uwanja wa Amahoro. Ni wachache wanaomwelekeza kwenye madarasa yaliyokuwa ya Chuo cha Ualimu cha Kigali, kilichofunguliwa mwaka 1999. Katika chuo hicho ndimo kilimoasisiwa kituo cha masomo ya jinsia, utamaduni na maendeleo, na mwaka 2013, vyuo vya serikali vilipounganishwa, masomo hayo yakaingia Chuo Kikuu cha Rwanda.

Katika vyuo vikuu vyetu vya Afrika ya Mashariki, mwalimu kijana wa somo hili mara nyingi ni mwanafunzi wa shahada ya udaktari. Mchana husahihisha mitihani ya wenzake. Usiku huandika tasnifu yake mwenyewe.

Hivi yumkini msomaji atauliza: Rwanda imebakiwa na nini cha kuchunguza? Katiba ya 2003 iliwapa wanawake asilimia 30 au zaidi katika vyombo vya maamuzi. Mwaka 2008 walishinda viti 45 kati ya 80 vya Baraza la Wawakilishi. Mwaka 2024 wakapata 51. Sisi tunaisifu hesabu hiyo bila kinyongo. Lakini viti huhesabika kwa siku moja. Nani anateka maji, na nani anashika fedha ya kahawa, huhitaji mtu wa kukaa kilimani miezi mingi.

Tuchukue ardhi. Sheria ya 1999 ilimpa binti haki ya kurithi sawa na kaka yake. Hata hivyo, kinga ya mke ilisimama juu ya ndoa iliyofungwa mbele ya serikali. Mashamba yalipoandikishwa nchi nzima kuanzia 2009, mke wa kimila asiye na cheti alitegemea ridhaa ya mume ili jina lake liandikwe.

Tena kuna lugha. Kinyarwanda kina neno igitsina kwa maumbile, na uburinganire kwa usawa. Serikali huliambatanisha hili la pili na ubwuzuzanye, yaani kukamilishana. Mtafiti akiuliza juu ya usawa, mzee atajibu hivi; akiuliza juu ya kukamilishana, atajibu vingine kabisa, na pengine kwa tabasamu. Nasi Waswahili tusicheke, kwani jinsia yetu imebebeshwa maana zote mbili.

Msaada umekuwapo. Tangu 2002 ushirikiano na Sweden umewawezesha walimu wengi wa Rwanda kusomea udaktari, sehemu ya muda huko na sehemu nyumbani. Makerere nayo ilianzisha idara ya masomo ya wanawake mwaka 1991.

Kinachokosekana ni nafasi. Vyuo havina budi kuwapunguzia watafiti hawa vipindi. Nao, watakapomaliza tasnifu zao za Kiingereza, waandike kurasa chache za Kinyarwanda zisomwe katika mikutano ya vijiji, mbele ya akina mama waliowajibu.