Altrasaundi na Maneno Yanayoificha

Kipimo cha altrasaundi kimekuwa jambo la kawaida katika Kaunti za Kisii na Nyamira, kuanzia Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii hadi vituo vya watu binafsi katika miji midogo, lakini maandishi yanayokusudiwa kukieleza kwa umma hayajawa wazi kwa kiasi hicho hicho. Msomaji wa eneo hili la Gusii aghalabu huyapokea kupitia lugha tatu, kwa kuwa mtaalamu huandika kwa Kiingereza, mwanahabari hufasiri kwa Kiswahili, na muuguzi au mtangazaji wa redio humalizia kwa Ekegusii, na katika kila hatua sehemu fulani ya maana hupotea.

Kauli inayopotosha zaidi ni ile isemayo kwamba mashine hutumia "mawimbi ya sauti ya juu". Katika Kiswahili cha kila siku sauti ya juu ni sauti kubwa, kama ile ya muziki wa matatu, na kwa hiyo si ajabu mama mjamzito akihofia masikio ya mwanawe. Kinachokusudiwa ni wingi wa mitetemo katika sekunde moja, ambao hupimwa kwa hezi: sikio la binadamu husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000 hivi, ilhali mashine ya kupima mimba kwa kawaida hutumia hezi milioni 2 hadi milioni 5. Sauti hiyo basi ni nyembamba kupita uwezo wa sikio, wala wembamba wake hauhusiani na ukubwa wake, na mwandishi angetenda haki kama angesema hivyo tu.

Maandishi mengi pia husema kwamba mawimbi hayo "hupenya mwili", yakaishia hapo, ilhali picha hutokana na yale yanayorudi. Mtu anayepaza sauti mbele ya jabali husikia mwangwi baada ya muda unaotegemea umbali wake, na mashine hufanya hesabu ya namna hiyo kwa kasi kubwa mno. Ndani ya kifaa kinachopitishwa tumboni mna vipande vinavyotetemeka vinapopewa umeme na kutoa umeme vinaposukumwa na mwangwi, tabia ambayo ndugu Jacques na Pierre Curie waliigundua katika fuwele mwaka 1880. Kwa kuwa sauti husafiri katika nyama laini kwa kasi ya mita 1,540 hivi kwa sekunde, mwangwi kutoka kina cha sentimita 10 hurejea baada ya takriban sekunde 0.00013, na kompyuta huugeuza muda huo kuwa nukta kwenye kioo. Jeli inayopakwa tumboni ina kazi hapo, kwani hewa iliyobaki kati ya kifaa na ngozi ingeyarudisha karibu mawimbi yote kabla hayajaingia.

Neno "mionzi" nalo linastahili kuondolewa kabisa katika maelezo haya. Eksirei hutumia mionzi yenye nguvu ya kung'oa elektroni kutoka katika atomu, jambo linaloweza kudhuru chembe za mwili, lakini altrasaundi ni mtetemo tu na haina nguvu ya aina hiyo. Hata hivyo, baadhi ya waandishi wakishalisema hilo huruka hadi "haina madhara yoyote", na hapo huvuka mpaka wa ushahidi. Tangu Ian Donald na wenzake wa Glasgow walipochapisha picha zao za kwanza mwaka 1958, hakuna madhara yaliyothibitishwa kwa watoto kutokana na vipimo vilivyofanywa ipasavyo, lakini mawimbi huweza kupasha nyama joto kidogo, na ndiyo maana wataalamu husisitiza kipimo kiwe na sababu ya kitabibu na kifanywe kwa nguvu ndogo na muda mfupi unaotosha. Matangazo ya picha za "4D" hulisahau hilo. Upande wa nne unaotajwa hapo, kwa kweli, ni wakati tu, yaani picha ya pande tatu inayoonekana ikisogea.

Utata mzito kuliko yote umo katika tarehe ya kujifungua, kwa sababu karatasi huonyesha siku moja kana kwamba imehakikishwa. Umri wa mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, hivyo "wiki 8" humaanisha kwamba mtoto ana takriban wiki 6 tangu kutungwa. Kipimo cha miezi mitatu ya kwanza huweza kukosea kwa siku 5 hadi 7, lakini kile cha miezi mitatu ya mwisho huweza kukosea kwa wiki 3 au zaidi, kwa kuwa kufikia wakati huo watoto hutofautiana sana kwa ukubwa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kipimo kimoja kabla ya wiki ya 24, na kukadiria umri wa mimba ni sababu mojawapo. Mama mwenye karatasi mbili zinazopingana asidhani kwamba ile mpya ndiyo sahihi. Aiulize kliniki ni karatasi ipi iliyotokana na kipimo cha mapema zaidi, na ahakikishe kwamba tarehe ya kipimo hicho cha awali imeandikwa katika kijitabu chake cha afya ya mama na mtoto.