Madaktari Vijana Wanavyogombea Nafasi Marekani

Mtoto akimaliza chuo cha udaktari, jamaa hufurahi, hupika, hualika majirani, na baba husema: Sasa tumefika. Huko Marekani mambo si hivyo. Kijana aliyekwisha pata shahada ya udaktari hana bado ruhusa ya kutibu watu peke yake. Lazima kwanza aingie hospitali akafanye kazi chini ya wakubwa wake kwa miaka kadhaa. Humwita daktari mkazi, kwa sababu zamani, katika hospitali kama Johns Hopkins ya Baltimore iliyofunguliwa mwaka 1889, vijana hao walikaa mle mle hospitalini usiku na mchana. Siku hizi wanalala kwao, lakini jina limebaki.

Yafaa tujue habari hizi, maana hata kijana aliyesoma Muhimbili, Makerere au Bugando aweza kuomba nafasi hizo, na wako wanaoomba. Wazazi wao huulizwa fedha za mitihani na za nauli, nao hawajui fedha hizo zinakwenda kufanya nini.

Tutazame tawi moja tu, lile la magonjwa ya ndani ya watu wazima: moyo, mapafu, figo, ini, kisukari na mengineyo yasiyohitaji kisu. Mafunzo yake ni miaka mitatu. Ndilo tawi lenye nafasi nyingi kuliko yote. Mwaka 2024 nafasi zake zilipita 10,000, katika nafasi 41,503 za matawi yote pamoja. Tena chini ya nusu ya nafasi hizo huchukuliwa na wanafunzi wa vyuo vya Marekani vinavyotoa shahada ya M.D.; zilizobaki huenda kwa wenye shahada nyingine ya udaktari ya huko huko, iitwayo D.O., na kwa waliosoma nchi za nje. Ukisikia hivyo utasema mlango ni mpana, hapana haja ya kusukumana. Ngoja kidogo.

Namna ya kugawa nafasi hizo ina kisa chake. Kabla ya vita kuu ya pili, hospitali zilishindana kuwapata wanafunzi hodari. Hii ikimwita kijana mwezi mmoja kabla ya kumaliza masomo, ile ilimwita miezi sita kabla, nyingine mwaka mzima, mpaka katika miaka ya 1940 wengine waliahidiwa kazi miaka miwili kabla ya kumaliza. Ni kama kuposa binti ambaye bado anacheza mdako! Mwaka 1945 vyuo vikakubaliana kutotoa habari za wanafunzi wao kabla ya siku maalumu. Ikazuka taabu nyingine: kijana alipewa nafasi akaambiwa ajibu kwa saa chache, naye bado anangoja jibu la hospitali aipendayo zaidi. Akikubali, amefungwa, akikataa, huenda akakosa zote.

Basi mwaka 1952 wakaanza mpango wa kuoanisha. Kila kijana huandika hospitali kwa kadiri anavyozipenda, ya kwanza, ya pili, ya tatu; na kila hospitali huandika vijana vivyo hivyo. Tuseme Yosefu ameandika Boston kwanza, kisha Baltimore, kisha Cleveland. Mashine ya hesabu humbishia hodi Boston. Ikiwa nafasi ipo, Boston humshika, lakini kwa muda tu. Akija mwingine ambaye Boston imemwandika juu ya Yosefu, na nafasi zimejaa, Yosefu hutolewa, hubisha Baltimore. Hapo kuchelewa hakumdhuru: kama Baltimore inampenda kuliko mmoja iliyekwisha mshika, itamwacha yule na kumchukua yeye. Hivyo mpaka wote wamekwisha. Kwa hiyo kijana hana sababu ya kufanya hila. Aandike apendavyo kweli. Kuweka juu hospitali iliyo ngumu hakumpotezei ile iliyo rahisi.

Wataalamu wawili wa hesabu, David Gale na Lloyd Shapley, waliandika juu ya njia ya namna hii mwaka 1962, nao walitumia mfano wa wanaume na wanawake wanaotafuta wachumba. Mwaka 1984 Alvin Roth akaonyesha kwamba hospitali zilikuwa zikifanya karibu jambo lile lile kwa miaka mingi. Baadaye yeye na mwenzake walirekebisha hesabu hiyo, ikaanza kutumika mwaka 1998, ili vijana ndio wabishe hodi. Mwaka 2012 Roth na Shapley walipewa zawadi ya Nobel ya uchumi. Gale alikuwa amekwisha fariki.

Hata wenye ndoa wamefikiriwa. Zamani mume aliweza kupangiwa Boston na mke Chicago, na katika miaka ya 1970 wengi walijitoa katika mpango huo wakatafuta kazi wenyewe. Sasa mume na mke wanaweza kuandika orodha moja ya nafasi mbili mbili, wakapangwa pamoja. Kwa maoni yangu hilo ni jambo la busara kupita zawadi ya Nobel yenyewe.

Sasa angalia, msomaji, penye ugumu. Mashine haiwezi kukupa hospitali ambayo haikukuandika, na hospitali huandika wale tu iliowaita kuzungumza nao. Kwa hiyo mashindano yenyewe yamekwisha pita kabla mashine haijaanza kazi. Maombi hupelekwa mwezi wa Septemba, wito hutoka tangu Oktoba, na hospitali moja hupokea maombi mengi mno, haiwezi kuyasoma yote kwa makini. Huchuja. Zamani ilichuja kwa alama za sehemu ya kwanza ya mtihani wa taifa. Tangu Januari 2022 sehemu hiyo haina alama tena, ni kushinda au kushindwa tu. Watu walitumaini kwamba mbio zitapungua. Sivyo, macho yamehamia sehemu ya pili, ambayo alama zake bado zinatolewa.

Aliyesoma nchi za nje hutazamwa na mengine. Je, alimaliza chuo lini? Hospitali nyingi hazipendi aliyemaliza zamani. Je, amewahi kufanya kazi kidogo katika hospitali ya Marekani, na ana barua za madaktari wa huko? Je, hospitali itakubali kumshughulikia viza? Mtu aweza kuwa tabibu hodari kwao, ametibu malaria na kuzalisha wanawake usiku kwa taa ya mafuta, na hayo yote yasionekane katika karatasi.

Basi kwa hofu huomba mahali pengi. Katika maombi ya mwaka 2025 kila ombi katika 30 ya kwanza lilikuwa dola 11, na kila moja baada ya hapo dola 30. Anayeomba mahali 100 alilipa dola 2,430, mbali na mitihani. Nao wengi wakiomba pengi, hospitali huchuja zaidi, na woga huzidi. Ili kupunguza vurugu hiyo, kila mwombaji wa magonjwa ya ndani amepewa ishara chache, 3 za dhahabu na 12 za fedha, azipeleke kwa hospitali anazozitaka hasa.

Matokeo hutoka mwezi wa Machi. Jumatatu kijana huambiwa tu kama amepata au amekosa. Ijumaa huambiwa wapi. Mwaka 2025, katika matawi yote, wanafunzi wa M.D. wa Marekani waliopata walikuwa zaidi ya 93 kwa kila 100. Wageni waliosoma nje walikuwa 58. Hata kwa wenyeji, kupata si kupata popote: atakaye baadaye kuwa bingwa wa moyo au wa tumbo hutaka hospitali kubwa za vyuo vikuu, na huko msongamano ni mkali kwa kila mtu.

Aliyekosa Jumatatu ana siku chache za wiki ile ile kuomba nafasi zilizobaki. Akikosa na hizo, hungoja Septemba na kulipa upya, na cheti chake kimezeeka mwaka mmoja. Aliyepata, kama ni mgeni, mara nyingi huingia kwa viza iitwayo J-1, ambayo humtaka arudi kwao miaka miwili baada ya mafunzo, isipokuwa amepata msamaha, kwa mfano kwa kukubali kutibu watu wa mahali penye uhaba wa madaktari huko Marekani. Mzazi anayeombwa nauli amwulize mwanawe habari za masharti hayo mapema, kabla hajauza ng'ombe.